Daktari Adrienne Kabedi na Panya Waliokaa Gizani

Mababa na mamama, wachungaji, majirani wa Panda na wa Kikula, wanafunzi wake wa zamani, poleni, na asanteni kwa kufika. Mimi ni Daniella, binti yake mkubwa. Katika familia yetu wasifu husomwa na mdogo wa marehemu, na kweli mjomba wangu Nicolas alikuwa ameshauandika. Nilipoletewa karatasi yake nikakuta kazi yote ya mama imewekwa katika sentensi moja: "Alifanya pia utafiti mbalimbali." Mbalimbali! Nikaomba niandike mimi. Mchungaji Patrice amesoma nilichoandika, akaniomba nipunguze chumvi. Nimepunguza, Mchungaji. Hii iliyobaki ni ile ambayo hata mama asingeitoa.

Marehemu Adrienne Kabedi alizaliwa tarehe 14 Mei 1964 katika kambi ya wafanyakazi wa Panda, hapa Likasi, akiwa mtoto wa tatu wa Baba Tshiamala na Mama Ngalula. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, na baba yake alizaliwa na kuzeeka akiamshwa na king'ora cha kiwanda. Watoto wawili waliomtangulia walifariki wakiwa wachanga, hivyo alikua peke yake nyumbani. Mwaka 1980, yeye akiwa na miaka kumi na sita, mama yake alijifungua mtoto wa kiume, ndiye Nicolas. Wanasema Adrienne alimbeba mgongoni kila mahali, hata wenzake wa shule wakawa wanamcheka kwamba amezaa. Aliwajibu kwamba ndiye mtoto wake kweli, "Njo mutoto wangu. Juu ya nini munacheka?"

Alisoma shule ya msingi Panda, sekondari kwa masista, akapata diploma ya serikali mwaka 1983. Alikwenda Chuo Kikuu cha Lubumbashi kusomea udaktari wa mifugo, akamaliza mwaka 1990. Kuna likizo moja Mama Ngalula alichinja kuku wa kumkaribisha. Adrienne akampasua yule kuku taratibu palepale jikoni, akamwita Nicolas, akamwonyesha mayai yaliyopangana tumboni, kuanzia lile lililokuwa karibu kutoka hadi yale madogo kama punje za ulezi. Akamweleza kila moja lingekuwa nini. Chakula kikachelewa mpaka Baba Tshiamala akaanza kupiga meza. Kisa hiki tulikuwa tukihadithiwa na mjomba mwenyewe kila Krismasi, huku akimwiga babu na meza yake, na mama akicheka mpaka machozi. Siku hizi mjomba haji Krismasi.

Mwishoni mwa mwaka 1992, watu wenye majina ya Kasai kama yao walipoambiwa Katanga si kwao, familia ilikwenda kulala kwenye kituo cha treni pamoja na umati wa wengine, ikingoja nafasi ya kurudi Kasai. Majirani waliokuwa wakikopa chumvi kwao waliangalia pembeni walipokuwa wakipita na magodoro. Mama Ngalula aliugua pale kituoni na akafa palepale, Januari 1993. Kabla ya kufa aliuchukua mkono wa Nicolas akauweka ndani ya mkono wa Adrienne. Walipomzika, Baba Tshiamala alisimama ukingoni mwa kaburi akasema mbele ya watu kwamba mkewe alimwomba waondoke mapema, na kwamba ni yeye aliyekataa. Hiyo ni desturi ya nyumba ya Tshiamala. Aliye na neno na marehemu hulisema kabla ya udongo wa kwanza kuanguka, kwa sababu baada ya hapo hana tena wa kumwambia. Naomba mlikumbuke hilo, nitalirudia.

Treni ilipofika, Baba Tshiamala alipanda. Adrienne na mdogo wake hawakupanda. Mwalimu mmoja kijana wa Kikula, Théophile Kilufya, ambaye alikuwa akimpenda tangu chuoni na hakuwahi kuthubutu kusema, alikuja na baiskeli, akapakia sanduku lao, akawapeleka kwa mama yake. Walikaa katika nyumba hiyo mpaka mambo yalipotulia. Adrienne na Théophile walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994, na Mungu akawapa watoto watatu, mimi, David na Jessy. Nicolas hakuwahi kuitwa mgeni kwetu. Alikula sahani moja na sisi, alisomeshwa biolojia na dada yake, na alipomaliza, dada yake akamchukua kuwa msaidizi wake kazini.

Kazi yake ilianza mwaka 1995 katika taasisi moja ya elimu ya juu hapa mjini, ambayo familia imekubaliana nisiitaje. Alifundisha, alichanja mbwa na mbuzi wa mji huu, na nyuma ya majengo ya Panda akaanzisha maabara yenye vizimba vya panya weupe. Kutokana na hao mkampa jina la Mama wa Panya. Alilipenda. Alikuwa na msimamo wake mmoja ambao wanafunzi wake hapa watakumbuka: panya mwenye mimba haguswi kwa pupa. Alisema panya akiogopa sana anaweza kupoteza watoto kwa woga tu, halafu weye mtafiti unaenda kusingizia dawa yako. Kwa hiyo ukiingia maabara unapunguza sauti, na viatu unaacha mlangoni.

Mwaka 2016 kampuni moja ya simu ilitaka kusimamisha antena Kikula, karibu na soko na jirani na nyumba ya uzazi. Mbuzi wa Mama Mamie, muuza makaa, alikuwa ametupa mimba mara mbili, na maneno yakaenea kwamba akina mama nao watatupa. Wazee wa mtaa walimjia mama wakamwomba aangalie. Hakuwafukuza, wala hakuwacheka. Aliwaambia kwamba yale mawimbi yanaitwa micro-ondes, ni jamaa moja na yale yanayopasha chakula katika tanuri, tofauti ni nguvu. Akasema mambo mengi yameandikwa ng'ambo juu yake, na kwamba yeye atafanya kazi ndogo ya hapa, mbele ya macho yao.

Aliweka panya wenye mimba katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipigwa mawimbi makali, mpaka joto la mwili likapanda. Kundi la pili lilipangiwa mawimbi dhaifu yasiyopasha kitu. Kundi la tatu liliingizwa katika sanduku lilelile, feni ileile ikizunguka, lakini mashine ikiwa imezimwa. Hawa wa tatu aliwaita "bale ya kimya," na nilipomuuliza kwa nini anajisumbua kuwaweka sandukuni bure, alinijibu, "Bote baogope sawasawa. Hapo njo utajua kama ni mawimbi ao ni sanduku."

Kundi la kwanza alilisimamia mwenyewe mwezi wa sita. Jibu lilikuwa wazi na la kusikitisha. Watoto walitoka wadogo, na wengine hawakutoka kabisa, kwani walikufa mapema na tumbo la mama yao likawanyonya tena, pakabaki alama tu. Kisha mwezi wa nane, makundi ya pili na ya tatu yakiwa ndiyo kwanza yameshika mimba, baba yetu akapelekwa Lubumbashi kupasuliwa tumbo haraka. Mama alikwenda naye. Maabara aliikabidhi kwa mtu mmoja tu ambaye angemkabidhi hata sisi watoto wake, na alitukabidhi kweli. Kila jioni alimpigia simu kutoka hospitali. Mimi nilikuwa nyumbani Kikula na mjomba, nilimsikia akimjibu dada yake, ambaye alimwita Yaya, siku baada ya siku: "Yaya, tumefanya. Bote biko muzuri."

Baba alipona. Mama alirudi, akahesabu watoto wa panya, akawapima uzito, hakuona tofauti kati ya wale wa mawimbi dhaifu na wale wa kimya. Tarehe 12 Novemba 2016 alisimama katika ukumbi wa komini ya Kikula, ofisi ya serikali ya mtaa, akasema hivi: joto ndilo linaloua mimba ya panya, na kwa kipimo kidogo alichokijaribu, hakuona madhara. Mama Mamie aliinuka akamuuliza, "Docteur, weye mwenyewe uliona? Ao balikuambia?" Mama akajibu, "Niliona." Akina mama wakapiga makofi. Antena ikasimamishwa.

Mwezi wa tatu mwaka 2018 tulikuwa kwa Mama Marceline, rafiki wa mama, siku ya kumtoa mjukuu wake kanisani. Mumewe, Papa Guy, alikuwa akigawa vinywaji na kujisifia barafu yake. Akacheka, "Leo mutakunywa ya baridi! Munakumbuka ile mwaka cabine ya umeme ya Panda iliungua? Mwezi muzima tulikuwa tunakunywa sucré ya moto sawa chai!"

Mama alicheka pamoja na wengine. Kisha akauliza, "Ilikuwa mwaka gani ile?"

"Ile ya operation ya bwana yako, docteur. Weye ulikuwa Lubumbashi, haukuona taabu yetu."

Nilikuwa nimekaa kando yake. Aliweka gilasi chini, akaomba ruhusa, akatoka kabla ya chakula. Mnaoijua tabia yake mnajua hakuwahi kutoka kabla ya chakula.

Mjomba aliitwa nyumbani siku hiyohiyo. Nilikuwa naosha vyombo, mlango ulikuwa wazi, nilisikia yote.

"Yaya, courant ilikuwa haiko," alisema. "Minye ningefanya nini? Papa Théo alikuwa ku hôpital, niliogopa kukuongezea mawazo. Kiisha ikakuwa kila siku naogopa zaidi."

"Kila mangaribi nilikuwa nakuuliza, Nico."

"Lakini haikukuwa na tofauti! Batoto ya panya bote balikuwa muzuri."

"Njo ile!" Hapo sauti ya mama ilipanda. "Haikukuwa na tofauti juu bote balikuwa mu giza! Nililinganisha kimya na kimya, kiisha nikaenda kuapia mamama ya Kikula mbele ya mimba zao!"

Alimwomba waende pamoja komini wakaseme. Mjomba alilia. Mkataba wake ulikuwa mezani kwa wakubwa, mke wake alikuwa mjamzito, wakimfukuza atakula nini. Mama alifikiri, akamwambia, "Nitatangulia minye. Weye utakuja nyuma yangu." Mjomba alijibu, "Nitakuja, yaya. Namuapa mama." Mama aliyemwapa ni Mama Ngalula, yule wa kituoni.

Tarehe 21 Aprili 2018 Daktari Adrienne Kabedi alirudi katika ukumbi uleule. Alisema, "Niliwaambia sikuona madhara. Ukweli ni kwamba sikuangalia. Mashine ilikuwa haiwaki. Kosa ni la maabara yangu, na maabara ni mimi." Hakutaja jina la mtu. Alimwachia mdogo wake nafasi ya kujitaja mwenyewe. Kijana mmoja, Ricky, alipiga kelele kutoka nyuma, "Ile siku bantu ya antenne balikulisha! Leo ni nani anakulisha?" Ukumbi ukacheka. Ndugu zangu wa Kikula, baadhi yenu mlioketi hapa leo na vitambaa vyeusi mlikuwamo ukumbini, na ninyi mlicheka. Mbwa wenu walikuwa wazima kwa sindano zake. Nasema inavyouma, kwa sababu yeye hakusema.

Taasisi ilimwondoa mwezi wa nane mwaka huohuo, kwa kuharibu jina la shule. Aliyepewa ufunguo wa maabara ni msaidizi wake. Ndiyo, mmesikia vizuri. Mjomba alikuja kutuambia mwenyewe, amevaa vizuri, akasema kwamba akiwa ndani atakuwa na nguvu ya kumtetea. Mama alimpa chakula. Alimuuliza tu, "Na lile neno?" Mjomba akasema bado kidogo. Tangu hapo likawa bado kidogo kila mwaka.

Mama hakukaa kimya. Kuanzia mwaka 2020 alifanya kazi upya nyuma ya nyumba, katika banda la kuku. Alimwomba mjomba amwazime mashine. Mjomba akasema, "Yaya, chef atasema nini?" Basi mashine na kipimo viliazimwa Lubumbashi kwa Profesa Sylvie, aliyesoma naye, na baba akamtafutia jenereta ya akiba. Safari hii hakumwachia mtu yeyote, hata mimi. Aliketi kando ya sanduku kila mara, taa ya mashine ikiwaka mbele ya uso wake, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini ili panya wasishtuke. Kazi ilikwisha mwaka 2022. Jibu likawa lilelile la zamani: joto kali linaua, na kwa kipimo kile kidogo, katika panya wale, hakuona tofauti. Akaongeza kwa mkono wake, "Zaidi ya hapo sijui." Aliipeleka kazi hiyo sehemu tatu ichapishwe. Kote walikumbuka mwaka 2018, wakairudisha.

Mjomba aliposikia jibu alifurahi mno. Alikuja mbio kwetu, akasema, "Si unaona, yaya! Ilikuwa kweli tu!" Katika maisha yangu yote nimemwona mama akiwa na hasira ya kutetemeka mara moja, na ni siku hiyo. Alimwambia, "Hapana, Nico. Ile ya kwako haikukuwa kweli. Iliangukia tu mahali kweli iko. Kama mutoto ya mimba ya mutu ingekufa, ungeangukia wapi?" Kisha akaingia chumbani. Mjomba alibaki sebuleni na kofia yake mkononi, na mimi sikumkaribisha kiti.

Ugonjwa wa kisukari uligunduliwa mwaka 2019. Wako wanaonong'ona kwamba ni mashine yake iliyompiga. Acheni. Bibi yake alikuwa na sukari, na baba yake pia alikufa nayo, na mama mwenyewe angewauliza mmelinganisha na nani. Mwaka 2024 figo zilianza kushindwa. Alipelekwa Lubumbashi mara kadhaa, akarudishwa, na tangu Januari mwaka huu alilazwa hapa Likasi. Hakulalamika sana. Alilalamikia uji wa hospitali, na alilalamika kwamba Jessy anasahau kubadilisha maji ya panya.

Tarehe 6 Februari 2025 mjomba alikuja kumwona. Nilikuwa nampangusa miguu. Mama alimwangalia, akamuuliza, "Utasema?"

"Nitasema, yaya."

"Siku gani?"

"Ukipona."

Mama alicheka, kicheko chake kilekile cha Krismasi, mpaka nikamshika bega asikohoe. "Basi hautasema," alimwambia. Akampapasa kichwa kama mtoto, na mjomba akatoka bila kuaga.

Ndipo akanigeukia mimi. Alijua nitaandika karatasi hii, alinijua kuliko ninavyojijua. "Mu liste ya batoto," alisema, "Nico utamutia wa kwanza." Nilimwambia siwezi. Nilimwambia mtu huyo amekula jina lako, amekalia kiti chako, amekuacha uchekwe peke yako. Aliningoja nimalize. "Utamutia. Njo mutoto wangu wa kwanza. Yeye anajua." Na mimi muda wote nilikuwa nadhani wa kwanza ni mimi. Hilo nalo limeniuma, mama, sitakuficha.

Alifariki tarehe 9 Februari 2025 asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Marehemu Daktari Adrienne Kabedi ameacha mume, Théophile Kilufya, ambaye angemfuata tena kituoni hata leo kwa baiskeli. Ameacha watoto: Nicolas, Daniella, David na Jessy. Nimeandika kama ulivyoniagiza, mama. Ameacha wakwe wawili na wajukuu wanne. Ameacha wanafunzi ambao bado wanaacha viatu mlangoni. Ameacha pia panya kumi na wanane katika banda la kuku, nao wanaomba mlezi mwenye sauti ndogo.

Walioshika programu wataona kwamba baada ya wasifu huu kuna mstari unaosema: neno la familia, litatolewa na Bwana Nicolas Tshiamala, mkuu wa maabara. Baada ya mstari huo ni udongo wa kwanza. Wana Kikula wako hapa, Mama Mamie yuko mstari wa tatu, Ricky namwona kule pembeni, na wakubwa wa taasisi wameleta shada. Ukumbi wa komini haukuwahi kujaa hivi.

Mjomba Nico, micro ya kusemea ninaiacha hapa juu ya sanduku lake. Alitangulia, akasema utakuja nyuma yake. Yeye apumzike. Amani bado iko mikononi mwako.